Fundi Aliyeishi Chini ya Ua Wangu

Fundi hakuanza kazi siku ya jua. Ukimwita akutandikie njia ya vitofali uani, angekuja, angekusalimia "Kamwene," angekunywa chai yako mpaka tone la mwisho, kisha angekuambia kwa upole kwamba atarudi mvua ikinyesha. Watu wa Njombe tumezoea mvua, lakini hatujamzoea mtu anayeingoja kama mgeni rasmi. Ikishaanza kumwagika ile ya kufunga madirisha, ndipo ungemwona getini na masweta yake mawili, koti la plastiki na mabuti ya mpira, kwapani kabana vigingi. Ndani haingii hata umbembeleze. Anasimama katikati ya ua anaangalia maji yanavyopita, anachomeka kigingi hapa na kingine pale, anarudi nyuma, anainama mpaka kidevu kinakaribia tope. Baada ya saa nzima anaondoka bila kuaga, na wewe uliyekuwa unachungulia dirishani unabaki unajiuliza kama umemwita fundi au mgonjwa.

Naandika habari zake nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sijui nimkabidhi nani. Nyumba yake ilikuwa chini ya yangu, kwenye mteremko uleule, tumetenganishwa na ua wa michongoma tu. Kwa miaka mitatu ukuta wa chumba alicholala mkewe, mama wa watu ambaye hakusimama tena kwa miguu yake tangu apate kiharusi, ulikuwa unakunywa maji kila mvua iliponyesha. Maji hayo yalitoka kwenye njia ambayo Fundi alinitandikia mimi kwa mikono yake. Ni njia nzuri. Mtaani kwetu hakuna nzuri kuliko hiyo. Hilo ndilo linaloniua.

Nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na saba, nimekutana na watu wengi wanaojua jambo moja kwa undani, lakini sijaona aliyejua jambo dogo namna ile kwa undani namna ile. Kwake njia ya bustani haikuwa vitofali. Vitofali, alisema, ni nguo tu. Mwili wenyewe uko chini. Alichimba kina cha kiganja na kidole, akajaza changarawe, akashindilia kwa gogo lenye mpini mpaka ardhi ikaanza kutoa mlio mwingine. Mlio huo alinitaka niusikie. Nilisema nimeusikia, nikadanganya, naye akajua nimedanganya, akaendelea kushindilia. Juu yake mchanga, juu ya mchanga vitofali, akivigonga kimoja kimoja kwa nyundo ya mpira, na mwisho mchanga mkavu uliochekechwa, anaufagia kwenye nafasi zote mpaka njia nzima inashikana.

Mteremko aliupima kwa mpira mwembamba mweupe uliojaa maji, kama mafundi wengine, lakini hakuuamini peke yake. Kwa kila mita, njia ishuke unene wa kidole gumba, na tena ilale kidogo ubavuni, upande usio wa nyumba. Ikilala zaidi, mama mjamzito atateleza. Ikilala pungufu, maji yatasimama, yataota ukijani, na mama yuleyule atateleza. Alipomaliza alitoa gololi mfukoni, akaiweka juu kabisa, akaiachia. Ilitakiwa iende mwendo wa mtu aliyetoka kulazwa, anayeona aibu kushikwa mkono. Ndivyo alivyosema. Ikikimbia, anang'oa. Ikisimama, anang'oa. Kwangu aling'oa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshawakaribisha wageni wa Pasaka, wakaingia kwa kuruka ubao juu ya tope na viatu vyao vya kanisani.

Alikuwa na kiburi, tusimpambe. Wakati fulani nilipelekwa Makambako kusimamia mitihani, nikamkuta huko akitandika njia ya mwenye nyumba ya wageni mmoja. Makambako ni tambarare na upepo wake hauna haya. Mwenye nyumba akaona huyu mzee wa milimani anamletea mambo ya milimani.

"Fundi, huku siyo Njombe," alimwambia mbele yangu. "Nataka njia iliyonyooka kama meza. Wateja wangu wanaburuta mabegi."

"Meza unaifuta kwa kitambaa," Fundi akajibu. "Hii utaifuta na nini?"

"Mvua yenyewe ya kubahatisha!"

"Basi itakubahatisha."

Akakusanya vifaa vyake, akaacha kazi nusu. Mwingine akaja akaimaliza ikanyooka kama meza. Mvua ya kwanza ikatengeneza dimbwi mbele ya mlango wa mapokezi, bata wa jirani wakahamia. Fundi aliitwa, akaja, akaomba kiti, akakiweka ukingoni mwa dimbwi, akaomba chai, akainywa yote akiwatazama bata, ndipo akavua koti. Hadithi hiyo aliisimulia kanisani, sokoni, msibani. Mkewe alikuwa akimwambia, "Wewe, wamekusikia," naye anaongeza bata mwingine.

Mkewe ndiye aliyekuwa mizani yake. Fundi alipenda ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mkewe aliuhesabu kwa vikombe. Fundi aliimba sauti nzito kwaya ya wazee na kulala usingizi mahubiri yakianza; mkewe, kutoka upande wa wanawake, alikohoa kwa namna ambayo kanisa zima tuliijua, na mzee akaamka akisema amina mahali pasipo na amina. Mtu aliyeweza kugombana na tajiri wa Makambako juu ya unene wa kidole, nyumbani alikuwa anaulizwa viatu vyake vimefuata nini sebuleni. Na kwao palikuwa hapana njia. Hapana hata kitofali kimoja. Ua wa Fundi ulikuwa tope jekundu, mawe matatu ya kurukia na gogo la mti. Tulimtania sana kwa hilo.

"Nitatandika nikistaafu," alisema.

"Na ukistaafu utamlipa nani?" mkewe akauliza.

Sasa nifike kwenye desturi yake, maana hapo ndipo nilipoharibu.

Kwao Kichiwa, alisema, watu wanaolima vinyungu, zile bustani za bondeni za wakati wa kiangazi, hawageuzi mfereji hivihivi. Aliye juu anashuka kwa aliye chini. Anakwenda kwa miguu yake, anakaa, anakunywa atakachopewa, anasema nataka kuyapitisha maji hivi, naomba njia. Aliye chini hakatai, si ustaarabu kukataa, lakini anaweka masharti: utanisaidia kuchimba mfereji hapa, utaacha majani pale. Kesho yake wote wawili wana majembe mkononi. Fundi aliihamisha desturi hiyo nzima akaileta mjini kwenye nyua zetu zenye mageti. Hakutandika kitofali mpaka mwenye nyumba ashuke kwa jirani wa chini. Wengine walimcheka, wakashuka hivyohivyo, maana bila hivyo hakuna kazi. Kwenye mteremko wetu kulikuwa na nyumba tano juu ya nyumba yake, na zote tano alizitandikia yeye. Wa kwanza juu alishuka kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, wa tatu kwa wa nne. Wa nne alikuja kwangu na sahani ya viazi vya kuchemsha, akanikuta nasahihisha madaftari, tukacheka, nikampa njia, tukachimba mfereji mfupi na mume wake Jumamosi moja.

Wa tano nilikuwa mimi. Chini yangu alikuwa Fundi.

Sikwenda. Naomba mnielewe, au msinielewe, lakini nisikilizeni. Fundi alikuwa uani kwangu kila siku, anakula ugali wangu, anapima kwa mpira wake, anajua maji yanaelekea wapi kuliko mimi. Nikajiambia, nitamwombaje ruhusa mtu ambaye ndiye anayeifanya kazi? Si ameshakubali? Ningeshuka mpaka kwake kumwambia habari anayonieleza yeye? Niliona kama mchezo wa kuigiza. Siku aliyoniuliza, "Mwalimu, umeshashuka kwa jirani?" nilicheka nikamwambia, "Jirani si wewe?" Naye akacheka. Alicheka kweli, nakumbuka meno. Akakaa siku mbili bila kuja kazini, nikadhani ni kifua. Siku ya tatu akaja, akatandika.

Njia ikawa vile mlivyosikia. Mvua zikaja, ua wangu ukakauka baada ya nusu saa, nikawa natembea na kandambili nikijisifia. Maji ya nyua tano yalikusanyika kwenye njia yangu, yakashuka kwa adabu yote, gololi kwa gololi, yakapita chini ya michongoma, yakaingia kwa Fundi. Mfereji wa kuyapokea haukuwepo, kwa kuwa hakuna aliyeuomba.

Mwaka ule hakusema kitu. Mwaka uliofuata mkewe akaanguka jikoni. Aliporudi kutoka hospitali, nusu ya mwili imelala, wakamweka chumba cha nyuma, chenye joto la jiko. Chumba hicho kilikuwa cha tofali mbichi, kimepakwa saruji mpaka kiunoni tu, na ndicho kilichotazamana na ua wangu. Nilikwenda kumwona nikakuta alama ya maji ukutani, mstari wa kahawia, urefu wa magoti. Nikauliza, "Maji haya yanatoka wapi?" Nimefundisha watoto jiografia, na bado nikauliza. Fundi akaangalia mahali pengine. "Ya mvua," akasema.

Niliporudi juu nilisimama kwenye njia yangu, nikaufuata mteremko wake kwa macho mpaka kwenye ukuta ule.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilimwambia Fundi aivunje. Akakataa.

"Ukivunja, maji yatashuka na udongo. Sasa hivi angalau yanashuka safi."

"Basi igeuze."

"Igeukie wapi? Kulia ni msingi wa jirani yako, utauozesha. Kushoto ni kilima. Chini ndiko kwenye haki yake."

"Haki gani hiyo, na mama amelala pale?"

"Haki ya mteremko, Mwalimu. Mimi nifanyeje?"

Tulichimba mfereji, tukiwa tumechelewa miaka miwili. Ardhi ilikuwa imeshalowa mpaka ndani, kila tulichochimba mchana kilijifunga usiku. Tukachimba shimo la maji kuzamia ardhini, likajaa, likafurika upande wa ukuta. Mwenyekiti wa mtaa akaja, akasikitika, akasema tuelewane wenyewe. Nilizunguka kwa majirani wanne wa juu nikiwasihi kila mmoja ashike maji yake kidogo. Wakanisikiliza kwa heshima, na kila mmoja akanionyesha kwamba yeye aliomba njia na akapewa, na wa nne aliyempa ni mimi. Walikuwa wakweli. Nilitoka kwao nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyeshikwa na majibu ya kunakili. Kwa Fundi niliomba mgonjwa ahamishiwe kwangu, chumba kipo, binti yangu ameolewa. Mama akakataa kwa mdomo wake uliopinda: akitoka pale, hatarudi. Fundi hakumshinikiza. Nilimchukia kwa hilo. Nilimchukia Fundi, niseme ukweli, kwa kutonifokea hata mara moja, kwa kuendelea kuniita Mwalimu, kwa kunipokea mfuko wa sukari kwa mikono miwili kila nilipokuja kumtazama mke ambaye mimi nilikuwa namzamisha.

Na mikono yenyewe ilikuwa imekwisha. Saruji na baridi vilikuwa vimekaza vidole viwili vya kushoto, havikunji. Asubuhi za ukungu nilimwona kutoka juu akiegemeza nguzo za miti kwenye ukuta ule, moja, nyingine, nyingine, anazigonga kwa nyundo yake ya mpira isiyoweza kugonga nguzo. Nilishuka na nyundo ya chuma. Akaipokea, akasema ahsante, akagonga mara tatu, akapumzika.

Machi hii mvua ilianza asubuhi ya Jumanne na haikunyamaza. Saa nane mchana nilirudi kutoka shuleni, nikaona kutoka getini kwamba nguzo mbili zimelala. Niliacha mwavuli hapohapo. Kwa Fundi niliwakuta wote wawili chumbani, yeye ameuegemeza mgongo ukutani, miguu imechimba sakafuni, kama vile mgongo wa mzee wa umri ule unaweza kuwa nguzo. Ukuta ulikuwa umevimba. Maji yalipita chini ya kitanda.

"Tumtoe," nikasema.

"Amekataa."

"Hajakataa leo! Muulize leo!"

Mama akageuza macho akanitazama. Maneno yake yalitoka moja moja tangu augue, ilibidi kuyasubiri.

"Mwalimu. Siku ile… nilipika chai."

Sikuelewa. Nikadhani anaweweseka. Nikamwambia, "Mama, twende, tutakunywa chai nyumbani kwangu."

"Siku ile," akarudia. "Alikuja… akaniambia, Mwalimu anashuka leo. Kuomba njia. Nikapika chai. Nikafuta kiti." Akapumzika. "Hukuja. Akasema, labda kesho. Nikapika… na kesho."

Nilimtazama Fundi. Mgongo wake ulikuwa bado ukutani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilipiga kelele, Mungu anisamehe, nilimpigia kelele mzee wa watu chumbani kwa mgonjwa. "Ulikuwa kwangu kila siku! Neno moja tu!"

"Mtu hajiombei mwenyewe," akasema. "Ningekuambia njoo uniombe? Halafu ungekuwa umeomba?"

"Ungekataa kutandika!"

"Hilo ndilo kosa langu. Nilikuwa nimeshaona mteremko wake. Ulikuwa mzuri sana, Mwalimu. Sijapata mwingine kama ule. Nikashindwa kuuacha."

Hatukuwa na muda wa zaidi. Tukamkalisha Mama kwenye kiti cha mbao, tukamfunga kwa khanga kifuani, Fundi nyuma, mimi mbele, tukatoka. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Uani kwao tulizama mpaka kwenye vifundo, nusura tumwangushe kwenye mawe ya kurukia. Kisha tukapita pengo la michongoma tukaingia kwenye njia yangu, na miguu ikashika. Mvua yote ile, na hapakuwa na dimbwi hata la kulowesha kidole. Maji yalipita ubavuni, yanang'aa, yanashuka kwa mwendo wake tulikotoka. Tulipanda bila kuteleza hata hatua moja.

Tulikuwa katikati tuliposikia ukuta. Haukupiga kishindo kikubwa; ulikaa chini tu, na bati likafuata. Mama alifumba macho. Nilitaka kusimama.

"Usisimame, Mwalimu," Fundi akasema nyuma yangu. "Twende naye hivihivi."

Nilimlaza kwenye kitanda cha binti yangu, nikambadilisha nguo, nikamfunika kila nilichonacho. Aligeukia ukuta wangu mkavu, akauwekea kiganja kimoja kizima, akakiacha hapo. Nilipotoka nilimkuta Fundi barazani, anachuruzika, hataki kukaa kwenye kiti asije akakilowesha. Kutoka pale paa lake lilionekana lote, limelala upande mmoja.

Nilipiga magoti. Mimi si mtu wa kupiga magoti, wanaonifahamu wanajua. Nikashika mabuti yake yenye tope, nikamwita jina ambalo sikuwahi kumwita.

"Baba, nisamehe."

Hakuniinua haraka, wala hakusema yale tunayosema ili mtu ainuke: basi, yameisha, ni mipango ya Mungu. Alifikiri. Nilimwona anatafuta kwa uaminifu kabisa, mahali pote anapoweza kutafuta.

"Kwa leo sina, Mwalimu," akasema.

Akaniomba jembe, akashuka kulifukua blanketi la mkewe.